Kitoe Kabla ya Saa Nane

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda ngazi za studio pale Sakina, juu ya gereji, nimevaa viatu vya kanisani. Chini mafundi walikuwa wakigonga bodi za magari. Juu, Mhariri Mkuu, mzee wa Kitanga mwenye ulimi wa wembe, alikuwa akisubiri wapumzike ili asikie sauti ya filamu yake.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Kaa hapo. Usiguse kitu mpaka ukipende."

Jamani, nilivipenda vyote siku hiyohiyo!

Ninyi mnaohariri kwa simu, sikieni kazi ilivyokuwa. Picha zilitujia ghafi, na mbuzi na kikohozi cha mpiga picha vyote humo. Kwanza tulilandanisha, yaani tulioanisha picha na sauti iliyorekodiwa pembeni, ili mdomo ukifunguka neno litoke. Ndipo tukakata. Mhariri Mkuu alinikataza kumkata mtu anapovuta pumzi. "Utamnyonga, binti!" alikuwa akifoka.

Baadaye nilihamishiwa ofisi ya Kisongo, chini ya Mkurugenzi wa Filamu, mtu mwema lakini mwenye haraka, ambaye maagizo yake yote yalikuja kwa ujumbe mfupi. Huko tulitengeneza filamu ya mifereji ya Umeruni, na ndani yake alikuwemo Bibi Mbise wa Nkoaranga. Familia za bondeni, yake ikiwemo, zilikuwa zimenyimwa zamu ya maji kwa madai kwamba mfereji ulichimbwa na watu wa juu peke yao. Bibi alikuwa amemwona baba yake akipasua jiwe lililouzuia, na alijua alama za nyundo zilipo, chini ya maji. Ila kila akisimama mkutanoni walimkatiza. Filamu ingeonyeshwa kwenye ukumbi wa usharika, mbele ya kamati ya mfereji, na kwa Bibi hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya kusikilizwa.

Asubuhi ya siku yenyewe ujumbe ukaingia: "Kipande cha Bibi kitoe kabla ya saa nane."

Fundi sauti akanyoosha mkono akifute. Nikamdaka. "Kutoa kupi? Kuondoa au kuonyesha?"

Tukapiga simu. Mkurugenzi alikuwa mlimani, hapatikani. Nikampigia Mhariri Mkuu wangu wa Sakina, aliyekwisha kustaafu. Akacheka mpaka akapaliwa.

"Kwenu mgeni akifika, ukaambiwa toa maziwa, huwa unayamwaga?"

Moyo uliniruka! Kipande kikabaki, na filamu ikaenda nzima.

Ukumbini, Bibi alipotokea ukutani akiingiza mkono majini, mlango ulifunguka. Mkurugenzi akanijia mbio.

"Nilisema ukitoe! Kamati itatufukuza!"

"Nimekitoa, Mkurugenzi. Si hicho hapo?"

"Kwani Kiswahili hujui?"

"Mimi Mmeru. Kiswahili nimekikuta shuleni."

Watu wakatunyamazisha. Mwenyekiti wa mfereji, mtu wa juu mwenyewe, akasimama kabla filamu haijaisha. Alisema alipokuwa mtoto akioga pale, vidole vyake vilizijua alama hizo, ila hakuna aliyewahi kumwambia ni za nani. Zamu ya bondeni ikarudishwa palepale. Nikapiga vigelegele kabla ya mtu yeyote, kisha nikalia, na sioni haya kusema hivyo.

Sasa nimestaafu, nipo na migomba yangu. Vijana huniuliza kama kweli sikuelewa ujumbe ule. Nacheka tu. Nawaambia kazi hii ni tamu kupita kiasi, na kwamba mkasi si wa kukata tu, wakati mwingine kazi yake ni kutulia mezani.

Siku ile, taa zilipowashwa, Bibi Mbise alinivuta kitenge. "Mwanangu, rudisha pale nilipomtaja baba."

Nikarudisha. Akalisikiliza jina lile mpaka mwisho, na safari hii hakuna aliyemkatiza.