Shefu na Filimbi Yake ya Salongo

Ninyi vijana wetu wa Dallas, mlionitumia ujumbe kwamba Jumamosi mnafanya salongo ya kusafisha uwanja wa kanisa, na kwamba mgeni wa heshima ni mzee kutoka Houston atakayepuliza filimbi kama zamani nyumbani, someni hapa kwanza. Shule niliiacha mapema. Lakini macho ninayo.

Kwetu Kongo, kando ya ziwa, salongo ilikuwa kila Jumamosi. Shefu wa mtaa anapuliza filimbi, kila nyumba inatoa mtu na jembe, mnazibua mfereji, mnafyeka njia, mnarudi kuoga na kula. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Jumamosi moja kabla ya balaa nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, uani, na Shefu huyu huyu mnayemwalika akaingia, akavua kofia yake ya serikali.

“Mama Riziki, nimetoka kukagua mfereji, pua imenileta kukagua chungu.”

Tulicheka. Akaketi, akala. Mume wangu, Baba Riziki, akamwongezea samaki mwenyewe.

Askari wageni walipovuka mpaka, wakubwa wote walikimbia. Shefu akabaki. Tukasema afadhali, angalau mtu wetu yupo. Kabla mahindi hayajakomaa alikuwa amevaa kofia yao ya kijani, na lugha yao anaikohoa kama mtu aliyekwamwa na mwiba. Aliwaonyesha nyumba yenye mbuzi. Aliwaonyesha nyumba ambayo kijana wake amekwenda milimani kupigana nao. Mbele yao mgongo ulipinda kama mundu. Akigeuka kwetu, unanyooka.

Ikafika ile Jumamosi. Filimbi ikalia asubuhi.

Baba Riziki alikuwa na homa. Nikamwambia alale.

“Nikikosa, watasema jembe langu limekuwa mwali wa ndani,” akasema. Akaenda.

Nilimfuata na maji ya kunywa. Wanaume walikuwa wameshainama mferejini. Nikatafuta vijana wa Shefu, wanawe wale wanne wenye mabega mapana. Hata mmoja hakuwapo.

Askari wakatoka migombani, pande zote.

Hakuna risasi iliyolia. Filimbi ilikuwa imewafanyia kazi.

Wanaume waliambiwa waweke majembe chini. Wakabebeshwa masanduku ya risasi kupanda milimani.

Nilimshika Shefu mkono. “Shefu, huyu ana homa. Umekula kwake.”

Hakunitazama. Alimtazama kamanda. “Mama, hii ni kazi ya mtaa. Jioni watarudi.”

Baba Riziki, sanduku likiwa tayari kichwani, akaniambia, “Chukua jembe, lisiibiwe.”

Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu.

Walirudi wachache. Mmoja wao akaniambia mume wangu alianguka kwenye mteremko. Sanduku waliliokota, wakampa mwingine. Yeye hawakumwokota.

Sina kaburi la kufagia.

Wageni walipoondoka, tulidhani Shefu ataona haya. Haya gani! Alivaa kofia ya chama, akaketi mstari wa mbele, akahutubia juu ya mateso “tuliyoyapata”. Tulipokimbilia kambini, alikuwa msemaji wa wakimbizi, na kofia ya watu wa misaada kichwani. Leo yuko Houston, amevaa kofia pana ya wachunga ng'ombe, na makanisani mnamwita Mzee wa Amani. Kofia zote hizo nimeziona. Kichwa chenyewe sijakiona hadi leo.

Hapa Carrollton, kando ya Dallas, nina jirani, bibi wa Kikorea, tunapeana mboga juu ya ua. Siku moja, binti yake akitafsiri, alinisimulia habari za ofisa mmoja wa kijijini kwa baba yake. Wajapani walipowatawala, alibadili jina lake likawa la Kijapani, akawa ndiye anayechagua vijana wa kupelekwa kazi za mbali. Wajapani wakaondoka, yeye akabaki ofisini, na alipokufa akasimamishiwa jiwe la heshima. Nikamwambia binti, “Mwambie mama yako huyo mtu namjua.” Bibi wa watu akacheka mpaka akafuta macho.

Juzi Shefu alinipigia simu. Ninyi ndio mliompa namba, mkamwambia nitapika.

“Mama Riziki! Bado unatwanga sombe?”

“Natwanga.”

“Basi Jumamosi nitakula kama zamani. Yale mengine yalikuwa vita, mama. Hata mimi nililazimishwa.”

“Na vijana wako? Walilazimishwa kulala asubuhi ile?”

Akasema, “Tuko Amerika sasa.” Nikakata simu.

Sitaki apigwe, wala sitaki afukuzwe. Ni mzee, atakufa kitandani, na wanawe watamzika. Wale askari sikuwajua na hawakunijua. Waliniulia mume kama watu wanavyofanya vitani. Huyu alijua jina lake, alijua homa yake, alijua ladha ya samaki wake. Alichukua kitu kizuri tulichokuwa nacho, watu kutoka pamoja wakiitwa, akakifanya mtego. Hicho ndicho mnachompa tena mkononi.

Mjukuu wangu Amani alikuwa ameshaegesha koleo mlangoni.

“Koko, ni kusafisha tu. Kila mtu anaenda.”

“Na siku ile kila mtu alikwenda.”

Nikawaita wote sebuleni, hata mama yake, Riziki, aliyekuwa ndiyo kwanza anavua viatu vya kazi ya ghala. Nikasema: Jumamosi sombe haitatwangwa. Koleo lirudi gereji. Filimbi ya mtu yule ikilia, hakuna mguu wa nyumba hii utakaotoka. Jumatatu tutakwenda kuusafisha uwanja sisi wenyewe, na mtu asitupulizie kitu.