Mawe ya Kidimbwi cha Baba

Harufu ya tope la mfereji uliozibuliwa asubuhi hunirudisha nyumbani upesi kuliko picha yoyote. Ni harufu ya majani ya migomba yaliyooza, ya mizizi iliyokatwa kwa jembe, na ya kitu kingine kibichi ambacho sijawahi kukipatia jina, ingawa siku hizi nalipwa mshahara kwa kunusa mito. Nilikulia mlimani, juu ya Kimandolu, wakati mji ulikuwa bado haujapanda mpaka kwetu, na mashamba ya kahawa na migomba yalishuka hadi kwenye kijito kinachokwenda kuungana na mto Themi. Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa mfereji. Yeye ndiye aliyepanga nani afungulie maji siku gani, na kila kiangazi, kabla ya mvua, aliita msaragambo: kila nyumba ilitoa mtu mmoja na jembe, watu wakazoa tope na kung'oa magugu mpaka maji yakapita bila kusitasita. Baba alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi. Alifagia hata njia ya ng'ombe, na ng'ombe wenyewe hawakuwahi kumshukuru.

Chini kidogo ya mahali mfereji ulipoanzia palikuwa na kidimbwi. Mkuyu ulikiinamia, matete yalikizunguka, na ndani yake mlikuwa na mawe yenye ukungu wa kijani na magogo yaliyolala humo tangu kabla sijazaliwa. Humo waliishi samaki wadogo, hakuna aliyezidi kidole changu, kila mmoja na mstari mweusi ubavuni. Kwetu samaki hakuwa chakula. Bibi alisema kiumbe asiye na miguu ni ndugu wa nyoka, na sufuria iliyopikiwa samaki asingeigusa. Kwa hiyo waliishi kwa amani, bila adui, nami nikitoka shule nilikaa pale kuwatazama badala ya kukata majani ya mbuzi. Niliwapenda. Sikuwahi kumwambia mtu, maana ningechekwa.

Kiangazi nilipokuwa darasa la tano alikuja Dada Rehema, mwanafunzi wa chuo kikuu, na buti za mpira, wavu na ndoo. Nilimwamkia shikamoo, akacheka kwa kuwa alikuwa bado msichana, lakini akaitika. Mama akampa chumba. Kila asubuhi alivua samaki wachache, akawalaza mmoja mmoja juu ya rula iliyoloweshwa, akaandika, kisha akawarudisha majini taratibu kabla hawajachoka. Aliniruhusu nisome rula. Alituambia kwamba amezunguka vijito vingi vya mlima huu na samaki hawa amewaona sehemu chache mno, tena wachache. Mwalimu wake angekuja baada ya wiki mbili kukitazama kidimbwi chetu. Akiridhika, wangeomba kiachwe kuwa mahali pa kuwahifadhi, na wengine wangetolewa humo kupelekwa kwenye vijito vilivyowapoteza.

"Baba, nakuomba tu mtu asiwaguse hawa samaki mpaka nirudi," alisema alipokuwa akifunga mizigo yake kuteremka mjini.

"Ondoa shaka, mwanangu. Mgeni wako ni mgeni wetu," baba akamjibu.

Na kweli, hakuna mtu aliyegusa samaki hata mmoja. Baba alitimiza neno lake. Lakini kwetu mgeni hapokelewi kwenye uchafu, sembuse mwalimu wa chuo kikuu. Siku mbili kabla ya ugeni, baba akaita msaragambo wa kidimbwi. Watu walikuja kwa moyo mmoja, kwa sababu mgeni wa mwenyekiti ni mgeni wa wote. Wakang'oa matete. Wakakata matawi ya mkuyu ili mwanga uingie na mgeni aone vizuri. Magogo yakavutwa kwa kamba na kupasuliwa kuni. Mawe yakatolewa yote, nasi watoto tukayasugua kwa majivu mpaka yakang'aa, kisha baba akayapanga kuwa ngazi ya kushukia majini, ili mzee wa watu asiteleze. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka. Sidhani kama nimewahi kuwa na furaha kama ya jioni ile, maji yalipotulia tukaona chini, mchanga mtupu, kidimbwi kinameremeta kama beseni la mama.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Walipofika, baba alikuwa amevaa shati lake jeupe la kanisani. Dada Rehema aliiona ngazi, akasimama. Akashuka, akatumbukiza wavu, akautoa mtupu. Akarudia mara ya pili na ya tatu, upande ule na huu. Mwalimu wake aliandika maneno machache, akafunga daftari. Baba alikuwa akitabasamu, akisubiri. Dada Rehema akapanda ngazi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mmefanya kazi kubwa, baba," akasema, kisha wakaenda kula loshoro ya mama, mahindi kwa maziwa ya mgando, na wote wawili wakaongezwa.

Kabla hawajaondoka nilimfuata, nikamuuliza samaki wako wapi. Alichuchumaa akanieleza kwamba walitaga chini ya mawe, walijificha kwenye magogo, walikula wadudu wa majani yaliyooza, na kivuli ndicho kilichowatunzia maji ya baridi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Usimwambie baba yako," akasema. Nikaahidi.

Ahadi hiyo niliivunja. Mwaka wangu wa kwanza chuoni, kwa kiherehere cha elimu mpya, nilimweleza baba kila kitu wakati wa chakula, mpaka na joto la maji. Akaweka kijiko chini. "Mawe yale tuliyoyasugua?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akatoka kwenda kutazama ng'ombe, ambao walikuwa wameshalishwa. Majuto ni mjukuu, nami wa kwangu sasa ni mtu mzima.

Nimechoka, niseme kweli. Kazi yangu ni kuwaomba watu waache gogo lioze mtoni, na kila mahali wananiita mtaalamu wa uchafu. Ngarenaro nimewakuta wakiosha pikipiki katikati ya mto, na Themi kuna ukingo uliosakafiwa kwa saruji, kazi safi, aliyeufanya akanionyesha kwa fahari ileile ya baba. Ningemgombezaje?

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani. Magoti ya baba yamekataa, hatoki kizingitini. Aliniambia niende nikaangalie kidimbwi. Ngazi haikuwepo. Kila jiwe lilikuwa limerudi mahali pake, magogo mengine yamelazwa humo, na mkuyu mchanga uliopandwa ukingoni ulikuwa umeanza kutoa kivuli. Baadaye mama alinieleza kwamba baba aliyabeba mawe kwa miaka, moja moja, jioni, akimkataza asinitajie mpaka amalize. Lakini mipira ya maji inayoteremka kwenye nyumba mpya imekinywa kijito chote huko juu. Mawe yalikuwa makavu, na siafu walipita juu yake.

Nilirudi polepole. Baba alinisubiri, ameshika fimbo.

"Wamerudi?" akauliza.

Nilitazama magoti yake.

"Umefanya kazi kubwa, baba," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, akageukia upande wa mlima. Maneno hayo alikuwa ameshayasikia.