Niliwafundisha Kosa, Nikamsingizia Aliyejua

Nimekosa, na kosa langu linanuka. Sikuandikii unionee huruma, ndugu msomaji. Ukimaliza kusoma ukatema mate, hutakuwa umenionea.

Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya misheni kule kwenye milima ya Upare wa kusini, juu ya Makanya. Jina la shule naliacha, maana shule haikukosa. Nilikosa mimi.

Nilikuwa kijana. Nilivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi ya mkaa na soksi mpaka magotini. Watu wazima walisimamisha jembe kunisalimia, wananiita mwalimu kwa unyenyekevu. Nilikula ndizi zao, maharage yao, mayai ya kuku wao. Kila mzazi alitaka mwanawe ajue Kiingereza, kwa sababu chini ya Mwingereza bila Kiingereza hupati ukarani wala uuguzi. Na wao waliamini Kiingereza chote kimo kichwani mwangu.

Kichwani mwangu mlikuwa na makapi!

Nilisomea ualimu kwa muda mfupi, na katika lugha ile nilishika kanuni mbili tu. Ya kwanza, kitendo kikimfuata "he" au "she" kinaongezwa "s". Ya pili, vitendo viwili vikikutana, katikati weka "to". Nikazipaka kanuni hizo kila mahali kama mtu anayepaka chokaa. "Can" nikaifanya "cans". "Must" nikaifanya "musts". Na "I" nikaiacha vilevile popote ilipokaa, hata baada ya "with" na "for". Ubaoni niliandika kwa mwandiko mzuri sana: She musts to go with I. Darasa zima likaimba nyuma yangu.

Darasa la nane walikuwa kumi na mmoja. Aliyewazidi wote kwa akili nitamwita Nakijwa, ingawa si jina lake. Alikuwa binti wa mkulima wa kahawa, na alitaka kusomea uuguzi. Kila Jumamosi alikwenda zahanati ya misheni kukunja bendeji, na muuguzi wa Kizungu wa pale, tuliyemwita Bibi, alikuwa akizungumza naye Kiingereza.

Siku moja akanyoosha mkono. Akasema kwa adabu, samahani mwalimu, lakini Bibi husema "she must go with me". Haweki "s", haweki "to", na baada ya "with" husema "me".

Wenzake wakacheka. Nilidhani wananicheka mimi. Nikamwita mbele, nikamchapa viboko sita vya mikono, kisha nikamwamuru aandike sentensi yangu mara mia kwenye daftari. Aliandika vidole vimevimba.

Wakati ule, nakuapia, sikujua kwamba nimekosea. Laiti ungamo langu lingeishia hapo!

Jumapili iliyofuata, tulipotoka ibadani, Bibi alinikabidhi dawa za vidonda za shule, akaniambia: "You can keep them for me." Nilisimama kama niliyepigwa kofi. Hakuweka "to". Na alisema "me".

Nilikwenda nyumbani nikafungua sanduku, nikatoa kitabu cha sarufi nilichopewa chuoni na ambacho sikuwahi kukimaliza. Yote yalikuwamo. Can, may, must, will na shall haziongezwi "s" kwa mtu yeyote, na kitendo kinachozifuata huja kitupu. Baada ya with, for, to na from, "I" inakuwa "me", "he" inakuwa "him", "they" inakuwa "them". Ni ukurasa mmoja na nusu. Watoto wangeuelewa kwa asubuhi moja.

Mtihani ulikuwa umebakiza miezi mitatu.

Jumatatu niliingia darasani nimekusudia kusahihisha. Nikashika chaki. Nikamwona Nakijwa, kiganja kimoja amekifunga kitambaa. Nikawaza kwamba nikiifuta sentensi hii leo, watajua nilimpiga kwa kusema kweli. Habari itafika majumbani. Itafika kwenye msaragambo, watu wakichimba mfereji pamoja, na kila jembe litakalopanda litapanda na kicheko juu yangu. Nikaandika tarehe ubaoni, nikawaambia wasome kimya.

Miezi mitatu nikajua, na miezi mitatu nikanyamaza. Nilijidanganya kwamba watapoteza alama mbili tatu tu. Nikaendelea kula mayai.

Sasa sikiliza sehemu inayonichefua hata leo.

Ijumaa kabla ya mtihani, baada ya kipindi cha mwisho, Nakijwa alibaki darasani. Alisimama mbali kidogo na meza yangu, akauliza:

"Mwalimu, kwenye mtihani niandike ipi? Yako au ya Bibi?"

Hapakuwa na mtu mwingine. Hakuna ambaye angecheka. Ningeweza kumwambia kwa sauti ya chini tu, andika ya Bibi, mwanangu, na uwaambie na wenzako. Badala yake niliinua uso nikamkazia macho.

"Andika nilichokufundisha."

"Ndiyo, mwalimu," akasema, akaenda zake.

Majibu yalikuja pamoja na barua. Karatasi zote kumi na moja za Kiingereza zilikuwa na makosa yaleyale, kana kwamba zimetoka katika kalamu moja. Wasahihishaji walitaka kujua kama watoto wamefundishwa hivyo au wamenakiliana. Bwana Mkaguzi angekuja mwenyewe.

Kabla hajafika nilikusanya madaftari ya Kiingereza, nikasema nataka kuyakagua. Nikayachoma kwenye shimo la takataka nyuma ya shule, lile lenye sentensi mara mia nikiwa nimelitia la kwanza.

Bwana Mkaguzi alikuja kutoka Same, gari likaishia barabara ilipoishia, akapanda kilima kwa miguu. Tulikaa ofisini kwa mwalimu mkuu. Akanipa karatasi, akanisomea kwa Kiswahili sentensi kumi nizitafsiri. Nikaziandika zote sawasawa. Must bila "s". With me. For him. From them. Hakuna hata moja niliyoikosa! Kile nilichowanyima watoto miezi mitatu nilikitumia kujiokoa kwa dakika kumi.

Akatikisa kichwa akasema basi hawa wamenakiliana. Akauliza wangemnakili nani. Nikamtaja Nakijwa. Nikasema ndiye mwenye akili, wote humtegemea.

Wakamwita. Alipoulizwa alisema ni mimi niliyewafundisha vile, na kwamba aliwahi kuchapwa kwa kupinga. Mkaguzi akataka kuona daftari, na hakuwa nalo la kuonyesha. Mwalimu mkuu, mzee mwema aliyeniamini kama mwanawe, akamwambia binti huyu aache kumchafua mwalimu wake, apige magoti aniombe radhi.

Akapiga magoti. Akasema, nisamehe mwalimu.

Nami nikamwambia nimemsamehe. Mimi! Nimemsamehe!

Mtihani wa Kiingereza wa wote kumi na mmoja ukafutwa. Jina la Nakijwa likapelekwa mbele na maneno mabaya kando yake, na nafasi ya uuguzi aliyokwisha kuahidiwa ikafungwa. Bibi alijaribu kumwombea, hakusikilizwa. Wiki ileile baba yake alipanda mpaka kwangu na mkungu wa ndizi begani, kuniomba nisimlaani mwanawe. Nilimkaribisha, nikapokea mkungu. Nilizipika ndizi zile nikala.

Watoto hawakunyamaza kama nilivyotumaini. Kumi na mmoja wakisema neno moja nyumba kumi na moja, watu husikia. Hakuna aliyenishtaki. Waliacha tu kunisalimia. Binti niliyekuwa nimemposa alikuwa dada wa mmoja wao, na nyumbani kwao wakarudisha posa yangu bila kueleza sababu. Mwaka uliofuata niliacha ualimu nikashuka tambarare, nikapata kazi ya kupima katani shambani. Huku sisemi Kiingereza hata nikisemeshwa. Neno likinifika ulimini nasikia harufu ya madaftari yale.

Ni miaka tisa sasa. Mwezi uliopita nilimkuta Nakijwa sokoni Same, anauza maharage, mtoto mgongoni. Nilitaka kugeuka. Aliniwahi.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikachuchumaa mbele ya gunia lake, nikamweleza yote: kitabu, Jumatatu ile, moto nyuma ya shule. Nilisema ovyo, nikilia kama mlevi. Yeye alisikiliza huku mkono umetulia juu ya kibaba chake. Nilipomaliza akasema taratibu:

"Nilijua yako ni kosa, mwalimu. Hata siku ya mtihani nilijua. Niliandika kwa sababu nilikuuliza, na nikafikiri mtu mzima akiulizwa hivyo hawezi kudanganya."

Mteja akaja akataka vibaba viwili. Akampimia. Hakuniambia amenisamehe, na sikuwa na uso wa kuomba.

Ndugu unayefundisha, popote ulipo, uwe mwalimu wa shule au wa kwaya au fundi mwenye wanagenzi. Siku anayejifunza kwako akikuonyesha umekosea, utaona aibu, na aibu hiyo itapita kabla kengele haijalia. Ukiikimbia utafanya unyama ambao hukujua unauweza. Chukua kitambaa, futa ubao mbele yao, waambie nimekosea, andika upya.