Kadi ya Matundu Ishirini na Tano

Ukitaka kumwona Diane Nkeshimana amechanganyikiwa, usimpe mbao, mpe maelezo ya kompyuta. Mwaka ule wa 2006 alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, akitoka kambini kila asubuhi kwa kibali kwenda kwenye karakana ya Kanazi, wilayani Ngara, ambako shirika moja lilikuwa limeleta mashine ya kuchonga milango. Kisu cha mashine hiyo hakikusukumwa na mkono wa mtu. Kompyuta ndiyo iliyokiamrisha kiende huku au kule, na Diane ndiye aliyefundishwa kuisimamia. Kisha radi ikapiga, kompyuta ikaungua, na wenye mashine wakasema wakija Ijumaa wakaikuta imelala, wataihamishia Mwanza. Mashine ikiondoka, na kazi ya Diane imeondoka.

Matiasi, mkuu wa karakana, mwenyeji wa Kihangaza mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alipanda juu ya kichuguu, maana hapo tu ndipo mtandao ulipopatikana, akampigia simu Bulugu, fundi wa kompyuta wa Mwanza. Alipiga kelele weee, akateremka anatoka jasho.

"Tuchague ya zamani," akamwambia Diane. "Anasema hizi mpya zina mbio, lakini zinasinzia kidogo katikati ya kazi, na kisu kikisinzia ubao umeharibika. Tena iwe na mlango."

"Mlango, Fundi? Si sisi ndio tunaochonga milango?"

"Mlango wa printa! Kama haina, itiwe kadi. Kadi ya matundu ishirini na tano. Hapo mtandao ukakatika."

"Kadi ipi?"

"Nitajuaje mimi? Kadi ni kadi! Kesho nenda Ngara mjini ukachague."

Kuuliza si ujinga, lakini kumuuliza Matiasi mara ya tatu kulihitaji moyo. Diane akarudi kambini kichwa kinamzunguka. Chenye mbio kinasinzia? Kompyuta ina mlango? Katika maneno yote yale, moja tu alilijua vizuri, nalo ni kadi.

Kambini kadi ni moja tu, kadi ya mgawo. Kila familia ikipewa mahindi na maharage, karani hubana koleo lake na kutoboa tundu: mgawo huo umekwisha kuliwa. Kadi hiyo ndiyo iliyoulizwa zahanati, ikaulizwa shuleni, ikaulizwa getini. Kwa nini isiulizwe na kompyuta? Labda muuzaji anataka mtu aliyekaa siku nyingi, asije akatoroka na mali. Diane alijieleza hivyo, na hakujiridhisha hata kidogo. Akaitoa kadi ya nyumbani chini ya mkeka wa bibi yake, akahesabu matundu. Kumi na tisa.

Bibi Bonifasia alikuwa amekwenda kuteka maji. Diane alichukua msumari, akatoboa sita.

Katika duka la kompyuta la Ngara mjini alimkuta Taufiki, mtu wa familia ya Kiislamu iliyotoka pwani na biashara zake. Taufiki akamfunulia kompyuta mpya, nyeusi, inang'aa.

"Hii inakimbia, dada yangu, acha kabisa."

"Nataka isiyokimbia," akasema Diane. "Isisinzie."

Taufiki alimtazama kama mtu aliyeagiza chai isiyo na maji. Hata hivyo akamtolea ya zamani, nzito, yenye vumbi, akaigeuza nyuma, penye milango ya kuchomekea waya. Diane akauliza mlango wa printa uko wapi. Hii haikuwa nao. Basi akaweka kadi yake mezani.

"Ndiyo hii. Matundu ni ishirini na tano. Hesabu mwenyewe."

Taufiki aliiinua kadi, mwanga ukapita kwenye matundu. Akacheka. Kisha akaingia ndani, akatoka na kipande cha kijani chenye mdomo wa chuma pembeni, na mdomoni mle vitundu vidogo vimejipanga safu mbili.

"Kadi ya kompyuta ndiyo hii, dada. Inachomekwa humu ndani, waya wa mashine unaingia kwenye haya matundu." Akaitazama tena ile ya karatasi. Kicheko kikamtoka usoni. "Mengine umetoboa wewe?"

Diane akakubali kwa kichwa, akalia.

Ijumaa kisu kilitembea bila kusinzia, wenye mashine wakapiga makofi, Matiasi akaimba. Jumatatu ikawa siku ya mgawo. Karani alikuwa mzee mpole. Aliiinua kadi usawa wa jua, akagusa yale matundu sita yenye kingo zilizochanika, akasikiliza habari yote ya kompyuta kwa mdomo wazi.

"Miaka yote hii nimewakamata wanaoziba matundu," akasema. "Anayeongeza ni wewe wa kwanza. Nakuamini, mwanangu. Lakini tundu ni tundu. Nikikupimia leo, kesho nitawajibu nini wenzako?"

Bibi Bonifasia, aliyesimama kwenye foleni tangu asubuhi, hakugomba. Alimgeukia mjukuu wake.

"Hiyo mashine inafanya kazi?"

"Inafanya, Bibi."

"Basi imekula ya kwetu."

Akalikunja gunia tupu, akalitia kwapani.