Ketrina Akataa Kupatanishwa
Shemeji yangu Ketrina wa Isansa hapendi maneno ya kulainisha mambo. Mwaka tisini na nane alitaka mibuni mizee ing'olewe wapande mahindi, mumewe Shadrack akakataa. Wazee wa kanisa wakaja kusuluhisha.

"Huu si ugomvi, Mama Angel," kiongozi wao akasema. "Ni kutofautiana tu."

Alijua wagomvi hawashiriki meza ya Bwana wala hawaimbi kwaya, na Shadrack ndiye mwimba besi pekee.

"Kutofautiana ni kwa watu wanaosikilizana," Ketrina akajibu. "Mimi nimemtupia mwiko. Huo ni ugomvi."

Shadrack akashika uvimbe kwenye paji la uso. "Mke wangu anasema kweli. Ni ugomvi."

"Basi mmekubaliana," mzee akasema. "Mmepatana."

Wakasali, wakala jogoo mzima, wakaaga. Nilikuwepo, na mpaka leo nakereka.

Ketrina akaitazama mifupa, kisha mibuni, ambayo hakuna aliyeitaja.

"Baba Angel, niletee mwiko wangu. Hawajafika mbali."

Shadrack akamletea mbio, na mwiko wake mwenyewe mkononi.