Zuwena na Mimi, Kutoka Matrah Mpaka Portsmouth

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nilitoka Unguja na kanzu niliyovaa, nikaingia Matrah, bandarini kwa Maskati, sina hata kikoi cha kubadilisha, nikabeba magunia ya watu mpaka nikawa na ghala langu mwenyewe la saruji na mbao. Skuli nilikaa miaka miwili tu, na walionizidi kusoma leo wananunua misumari kwangu. Mtu wa namna hiyo Ulaya itamwonyesha nini? Safari hii sikuifanyia macho yangu. Niliifanyia mke wangu, Zuwena.

Zuwena hakuipenda Maskati tangu siku ya kwanza. Milima inamziba pumzi, anasema, na jua linatoka limeshakasirika. Mwaka huu wa sabini, mara tu watu waliporuhusiwa kusafiri, alinambia bila ya ugomvi: "Nnataka kwenda kwa Dada Rukia, Portsmouth. Na nikenda, Bwana Khalfan, usinihesabie kurudi."

Rukia ni dada yake mkubwa, mjane, aliyekimbilia Uingereza baada ya mapinduzi. Nikamwambia, "Utakwenda. Lakini kwanza nitakuonyesha Ulaya." Nilivyopiga hesabu, mwanamke aliyetembezwa Roma na Paris na mumewe hawezi kumwacha. Nikakata tiketi mbili, zote za kwenda na kurudi.

Asubuhi tuliondoka kiwanja cha Beit el Falaj kwa ndege ndogo iliyotutikisa mpaka Bahrain. Zuwena alisoma Ayatul Kursi njia nzima. Mimi nilikula chakula changu na chake.

Roma tulifika na mvua. Kesho yake nikakodi gari la farasi, na dereva akatupeleka penye uwanja mkubwa wa mawe, wa duara, ambao watu wanatoka dunia nzima kuutazama.

"Umeuonaje?" nikamwuliza Zuwena.

"Umebomoka."

"Una miaka elfu mbili huu."

"Basi si wangeshautengeneza?"

Na mimi muuza saruji nikaanza kuhesabu mifuko. Tulizunguka makanisa na chemchemi mpaka magharibi, tukala mayai na mkate kwa kuogopa nyama zao, tukalala na miguu imevimba.

Paris nikampandisha mnara wa chuma. Huko juu upepo ulitaka kumvua mtandio, akaushika kwa mikono miwili, nami nikamwonyesha mto na madaraja na mapaa kama kwamba nimeyajenga mimi. Akatazama yote, taratibu, mpaka nikaanza kutumaini. Kisha akaniuliza, "Portsmouth iko upande gani?"

Nikamwelekeza upande wowote. Jioni ile tulikula mayai tena.

London ilinimaliza. Nilimpeleka kwenye majumba, kwenye bustani, kwenye maduka yenye ngazi zinazopanda zenyewe, na kila tulipofika mimi niliyebeba magunia ndiye niliyetangulia kutafuta benchi. "Tupumzike hotelini," Zuwena akasema. Nikakataa. Nilijua pakiisha mahali pa kumpeleka, iliyobaki ni Portsmouth tu.

Jioni ya mwisho nilitoka kununua mkate. Kurudi, watu wamejaa mbele ya hoteli na wazimamoto wawili wanapanda ngazi. Nikapita kati yao. Chumbani moshi mtupu, na mwenye hoteli, bibi wa Kizungu mwenye ndoo, keshamwaga maji juu ya kitanda. Katikati amesimama Zuwena na chetezo mkononi, ametulia kama yuko kwake. Makaa alikuja nayo kutoka Maskati, akayawasha kwenye moto wa gesi wa chumbani, akatia udi, akawa anafukiza nguo.

"Anachoma nini?" mzimamoto mmoja akaniuliza.

"Manukato," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha bandarini. "Sisi hatuendi kwa watu na nguo zisizofukizwa."

Akanusa. "Si mbaya," akasema, akashuka zake. Yule bibi hakunusa kitu, alitaka thamani ya godoro, nikamlipa.

Walipoondoka ndipo nikaziona nguo zilizotandazwa vitini. Si gauni la kesho peke yake. Zilikuwa nguo zote za sandukuni, mpaka mitandio ya kulalia. Mwanamke akenda kutembea hufukiza nguo atakayovaa. Anayefukiza sanduku zima anahama.

"Zote, Zuwena?"

"Zote."

Kitanda kimerowa, tukakaa juu ya sanduku, bega kwa bega. Sikuwa na mji mwingine wa kumwonyesha.

Portsmouth tulifika kwa treni, adhuhuri, mvua ile ile. Rukia anakaa vyumba viwili, nguo zimeanikwa ndani, ukuta una ukungu. Zuwena alikuwa keshamhadithia mlangoni.

"Karibu shemeji," Rukia akasema. "Nasikia Ulaya umeiona yote, ukataka kuiunguza."

"Kitanda kimoja tu, shemeji."

"Ndio kuanza huko."

Rukia anafua mashuka ya hospitali. Anatoka alfajiri, anarudi na vidole vimepasuka, na Zuwena anamkalisha anampaka mafuta ya nazi, kidole kimoja kimoja. Nilikaa siku mbili nikiyatazama hayo. Asubuhi ya kuondoka, chai mezani, nikasema, "Shemeji, kwa nini huji Maskati? Siku hizi sisi wa Unguja wanaturuhusu kuingia bila ya taabu. Nyumba ipo."

Akaweka kikombe chini. "Nani kaniita?"

"Mara ngapi nimemwambia Zuwena."

"Umemwambia Zuwena. Nyumba si ya Zuwena, ni yako wewe. Nije kwa salamu za jikoni, kesho useme nimejileta?"

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa ameinamia chai yake, haimezi. Mimi ni mtu wa kusema, soko zima la Matrah linajua, lakini pale nilitafuta pa kuanzia. Nikasimama, nikaweka kofia sawa, nikamwita kama anavyoitwa mtu.

"Bi Rukia, mimi Khalfan nakuita nyumbani kwangu. Uje ukae. Chumba cha juu ni chako, na hutoulizwa utaondoka lini."

"Cha juu kina joto," Zuwena akasema.

"Basi cha chini."

Rukia akaniuliza, "Na hayo majigambo yako, utanipunguzia?"

"Hilo siwezi kuahidi."

"Angalau husemi uongo," akasema, akamalizia chai.

Zuwena akainuka. Hakusema kama anarudi au harudi. Alifungua sanduku, akaanza kukunja nguo zake na za dada yake pamoja, nami nikatoka mvuani kukata tiketi ya tatu.

Tulirudi kwa njia ya Bahrain, watatu tumechoka, hakuna aliyekuwa na hamu ya kutazama dirishani. Beit el Falaj joto likatupokea mlangoni mwa ndege, Rukia akasema "Yaa Latif," na Zuwena akamwambia atazoea.

Wanaoniuliza dukani Ulaya kuna nini, nawaambia kuna ngazi nyingi. Nilichojifunza nakwambia wewe unayesoma: mwenye nyumba huita kwa mdomo wake mwenyewe, neno hilo halipelekwi na mtu. Mimi kulisema kulinichukua miji minne, na riali elfu moja mia moja arubaini na mbili na baisa mia tatu.