Kodi Iliyomo Ndani ya Mche wa Sabuni

Kama kuna jambo lililomchosha Bi Povu kuliko grisi kwenye suruali za makanika, basi ni kuambiwa na mtu aliyekaa kwenye kiti kwamba hajafanya jambo ambalo amelifanya maisha yake yote. Aliambiwa hivyo Jumatano asubuhi, kwenye dirisha namba tatu, baada ya kupanga foleni tangu mlango wa ofisi ya kodi haujafunguliwa.

Bi Povu ni dobi. Jina hilo alipewa na watoto wa mtaani, naye hakulikataa, maana mtu aliyefua miaka kumi na tisa kwenye karo lilelile akikataa kuitwa povu atakuwa mbishi tu. Karo lake ni la nne kutoka bombani, la saruji, na ukingo wake umelika pale anapoegemeza tumbo. Mumewe alikwenda kutafuta kazi mji mwingine, kazi ikampata hukohuko, na hakurudi. Alimwachia mama yake mzazi, kikongwe mwenye macho makali na ulimi mkali zaidi. Karo hilo ndilo linalowalisha mkwe na mkamwana.

Sasa banda la kufulia lilikuwa limeezekwa mabati mapya, na palipo na mabati mapya hapakosi sheria mpya. Tangazo lilibandikwa nguzoni: kuanzia Jumatatu, kila karo litakuwa la mtu mwenye cheti cha mlipakodi, na asiye nacho ampishe mwenzake. Tangazo halijakauka gundi, mama mmoja mwenye duka la mitumba alikwisha kuja kulipima karo la nne kwa hatua za miguu, huku Bi Povu mwenyewe mikono imo majini mpaka viwiko. Alipima, akatabasamu, akauliza kama bomba huwa linakatika.

Ndiyo maana Bi Povu alikwenda dirisha namba tatu. Ofisa wa pale, mwanamume mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, alimwuliza majina yake, akabonyeza mashine, akasubiri, akabonyeza tena. Kisha akamwambia bila ubaya wowote, kama mtu anayekutajia saa:

"Mama, humu hupo. Hujawahi kulipa kodi hata siku moja."

Akamwongezea kwamba mwisho ni Ijumaa, na kama ana ushahidi wowote aulete.

Alirudi kwa miguu, kichwa kinamwuma kwa hasira, na njiani akapitia dukani kununua mche wa sabuni. Mwenye duka akamtajia bei. Ilikuwa imepanda tena. Hapo Bi Povu alimmwagia yule mtu kila alichoshindwa kukisema dirishani. Alimwita mnyonyaji, jina ambalo kwa kweli alikuwa akimwita kila mwezi, ila siku hiyo aliliita kwa sauti ya kusikika mpaka kwa kinyozi.

Mwenye duka si mtu wa maneno. Alichukua mche uleule, akaulaza juu ya kaunta, akashika kisu chake cha kukatia sabuni, akaanza kuuchora mistari kwa ncha. Mafuta ya kutengenezea sabuni yamekuja kwa meli, yamelipiwa ushuru: mstari. Kiwandani wametozwa tena: mstari. Lori lililoileta limekunywa dizeli, na kila lita ina tozo zake: mstari. Juu ya hayo yote ikaja kodi ya kuuziana, halafu ushuru wa soko, halafu leseni ya duka. Alipomaliza, mche ulikuwa umechorwa karibu nusu. Mwishoni kabisa akachora kipande chembamba kama ukucha.

"Hiki ndicho changu, dada. Ukikipunguza, nafunga duka."

Bi Povu alibaki akiukodolea macho ule mche. Mara ngapi amemtukana mtu huyu wa watu? Akauliza, kwa sauti iliyoshuka, hiyo mistari mingine yote inalipwa na nani.

"Na wewe. Sisi wengine tunapitisha tu mkononi. Imo ndani ya bei, ndiyo maana haionekani."

Sasa wewe niambie, mtu atulie vipi baada ya hapo? Miche mitatu kwa wiki, wakati mwingine minne, miaka kumi na tisa. Alifika nyumbani akautupa mche kitandani mbele ya mama mkwe na kumweleza yote kwa pumzi moja. Kikongwe alisikiliza akiwa ameketi kwenye kigoda chake, akitafuna ufizi.

"Haba na haba hujaza kibaba," alisema. "Lakini kibaba cha nani?"

Kisha akainama, akaingiza mkono chini ya kitanda, akavuta gunia.

Hapa inabidi nikueleze utaratibu wa kazi. Bi Povu haandiki. Shule aliiona kwa mbali kama mtu anavyoliona gari lililomwacha. Kwa hiyo kila akifungua mche mpya huchukua karatasi yake, ile ngumu iliyouzunguka, na upande mweupe wa ndani huchora alama ya mwenye nguo kwa penseli. Kinyozi ni mkasi, makanika ni spana, mwalimu ni miwani. Pembeni huweka vijistari vya idadi ya nguo, halafu huipachika karatasi kwenye fundo la furushi. Nguo zikichukuliwa, karatasi hurudi nyumbani, kwa sababu duniani wapo watu wanaoleta mashati matano na kudai sita. Mama mkwe huzinyoosha kwa kiganja, huzifunga kwa uzi, huziweka. Mara kumi Bi Povu alitaka kuzitia motoni, na mara kumi bibi alimwambia akiba haiozi. Chini ya kitanda kulikuwa na magunia mawili na nusu.

Ijumaa alibeba gunia moja kichwani mpaka ofisini. Watu kwenye foleni walidhani amekuja kuuza mkaa. Zamu yake ilipofika, alilifungua na kulimwaga juu ya kibao cha dirisha, karatasi zikateleza mpaka kwenye kibodi cha ofisa.

Ofisa alimwomba aondoe takataka zake. Bi Povu akasema si takataka, ni kodi. Na hapo, lazima tuseme ukweli, yule bwana hakumfukuza. Aliokota karatasi moja, akavaa miwani, akasoma jina la kiwanda, kisha akamweleza kwa upole uleule unaotia wazimu. Ni kweli kodi imelipwa, na hakuna anayebisha. Lakini imelipwa kwa jina la kiwanda. Mashine inakijua kiwanda.

"Kwa hiyo kodi yangu ipo," Bi Povu akasema, "ila mimi ndiye sipo."

Ofisa akakubali kwamba ndivyo, na akanyoosha shingo kumwita anayefuata.

Alipojinyoosha, shati lake likavutika, na Bi Povu akaona mfuko wa kifuani. Kwenye kona ya chini palikuwa na doa la wino, dogo, la bluu, limefifia lakini halijatoka. Mtu anaweza kusahau sura, hawezi kusahau doa lililomchubua vidole. Alilifahamu doa lile kama anavyofahamu ukingo wa karo lake. Kila Jumatatu Mama Pacha, mwanamke mpole wa mtaa wa nyuma, humletea mashati matano meupe ya mumewe, na kila shati lina wino mpya mfukoni, kwa sababu huyo mume, vyovyote alivyo, hajui kufunga kalamu. Wino ule peke yake hula nusu mche.

Alifukua lile rundo mpaka akapata karatasi yenye viduara viwili vya pacha na nukta nyeusi chini yake. Akaiweka mbele ya ofisa. Akaweka ya pili. Akaweka ya tatu, na ya nne, na watu nyuma wakaanza kusogea waone.

"Hizi zote ni za mashati yako, baba," alisema. Hasira hakuificha. "Hiyo kalamu yako wewe unayesema mimi silipi kodi, wino wake nimeutoa mimi mfukoni mwako wiki baada ya wiki, kwa sabuni yangu, na kodi ya hiyo sabuni nimelipa mimi. Ungekaa hapo na doa, nani angekuita bosi?"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, akajifanya anakohoa. Ofisa aliinamisha kichwa akatazama mfuko wake, kisha akaufunika kwa kiganja kama mtu anayeapa. Halafu akavuta fomu, akaijaza mwenyewe kwa mkono wake, akauliza namba ya karo, akagonga muhuri. Fomu ililipiwa, stempu ikalipiwa, na jumla yake ilikuwa bei ya miche mitatu.

Nje, alimwomba kijana wa kupiga chapa amsomee. Cheti kilisema yeye ni mlipakodi kuanzia leo. Leo! Miaka kumi na tisa imekwenda na maji ya suuza. Alicheka kicheko kisicho na furaha, akakikunja cheti, akakitia kifuani. Karo lilikuwa lake.

Jumatatu, mama wa mitumba alikuja, akakiona cheti kimening'inia juu ya karo la nne kwa kibanio cha nguo, akageuza. Baada yake akaja Mama Pacha na mashati matano. Bi Povu akayahesabu, akaikagua mifuko. Wino, yote matano. Akamtajia bei, na bei ilikuwa imepanda.

Mama Pacha akashtuka. Akasema mumewe siku hizi ni mkali, atataka kujua nyongeza hiyo ni ya nini.

Bi Povu alikuwa amekwisha kufungua mche mpya. Alichora viduara viwili, akachora nukta, akaipachika karatasi kwenye fundo.

"Mwambie imo ndani ya bei," akasema. "Ndiyo maana haioni."